Kinubi cha Wifi

Mume wangu ni fundi seremala, na kwa miaka yote niliyoishi naye kabati letu la vyombo limesimama bila mlango mmoja. Wateja wanamaliziwa vitanda vyao, makanisa yanamaliziwa mabenchi yao, mimi nafunika sahani zangu kwa kitambaa. Hilo nilikwisha kulizoea. Nilichoshindwa kukizoea ni kumwona mtu huyohuyo akikaa miezi juu ya gogo moja la mninga, akilichimba taratibu kwa tezo na patasi, akilipapasa kama mtoto mchanga, kwa sababu kuna mwanamke amerudi kutoka Ulaya na anataka kinubi.

Mimi nimezaliwa Sikonge, kwa Wamoravian, nikahamia kwa Wakatoliki kwa ajili ya ndoa. Kinubi nilikijua kwenye Zaburi tu. Tulikuwa tunakiimba bila kukiona, kama tunavyoimba mierezi ya Lebanoni. Sikuwahi kudhani kwamba kingekuja kukaa uani kwangu, Isevya, hapa Tabora mjini, katikati ya ndoo zangu za asali na magunia yangu ya karanga, na kunikosesha raha.

Aliyekileta nitamwita wifi, maana hivyo ndivyo alivyojiita mwenyewe. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibaraza changu cha asali, akapiga hodi, nikamkaribisha nikidhani ni mteja. Akaniangalia juu mpaka chini, akacheka vizuri, akasema, "Kumbe ndiye wewe wifi yangu."

"Wifi wa wapi, dada?"

"Huyu fundi ni kaka yangu. Tumetoka Goweko moja."

Ni kweli walitoka Goweko moja, na ni kweli kijijini watu wote ni ndugu. Lakini mama mkwe wangu, siku chache baada ya harusi yangu, tukiwa tunachambua karanga, aliniambia kwamba mwanawe alikuwa amwoe binti mmoja wa pale kijijini. Walikuwa kwaya moja, binti sauti ya kwanza, yeye besi. Kisha binti akachaguliwa chuo cha unesi, na baadaye akapata kazi Ayalandi, na mambo yakaishia hapo. Mama mkwe aliniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Sasa binti amestaafu, amerudi Tabora, amejenga Cheyo, na ananiita wifi. Wifi wa kupachika. Kibaya zaidi ananizidi umri, kwa hiyo kila alipoingia ilinibidi nimpe shikamoo, naye aliipokea kwa marahaba ndefu yenye furaha.

Huko Ayalandi, alitueleza, alikuwa akiishi jirani na mwalimu wa kinubi cha Kigaeli, cha watu wa kale wa nchi ile na wa Uskoti. Si kile kikubwa cha kwenye picha za malaika. Hiki ni kifupi, kinakaa kwenye mapaja na kuegemea bega la kushoto, na nyuzi zake si za utumbo wala nailoni. Ni waya za shaba ya njano. Hazipigwi kwa ncha za vidole. Unazikwanyua kwa kucha, na kila uzi ukishalia unaendelea kulia peke yake mpaka uunyamazishe kwa kidole kingine. Alijifunza kwa miaka, jioni, akitoka zamu. Kinubi alichokuwa akitumia kilikuwa cha kuazima, akakirudisha alipoondoka. Alichokuja nacho ni waya zenyewe, zimezongwa vizuri, nene kwa nyembamba, na picha kwenye simu.

Ndipo akamwonyesha mume wangu. Vinubi vya kale vyenyewe vimebaki vichache, vimefungiwa nyuma ya vioo, na wale waliokuwa wakirithishana ufundi wake walikwisha zamani bila kuacha wanafunzi. Mafundi wa siku hizi imewabidi waanze upya. Wanavilaza vinubi vya kale kwenye mashine ya hospitali, ile ya kupigia picha mifupa, waone unene wa ubao kwa ndani na mahali palipowahi kuzibwa ufa. Wifi alilieleza hilo kwa fahari ya nesi. Kisha akasema neno lililomshika mume wangu: kwamba kifua cha kinubi hakiungwi kwa mbao. Ni gogo zima, linachimbwa kwa nyuma mpaka uso wa mbele unabaki mwembamba.

"Kama mzinga wa nyuki," mume wangu akasema.

"Kama mzinga wa nyuki, kaka."

Wakatazamana kama watu waliokutana njiani ugenini. Mimi, binti wa Sikonge, niliyezaliwa nyuki wakilia juu ya paa, nilikuwa nimesimama palepale na trei ya chai. Hakuna aliyenitazama.

Kuanzia siku hiyo nikawa na mgeni asiyekauka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, nilikonda. Alikuja asubuhi, alikuja alasiri, alikuja na ndizi mbivu na dawa yangu ya mgongo ambayo sikumwomba, na ambayo, kwa bahati mbaya, ilinisaidia. Walizungumza Kinyamwezi cha Goweko kule karakana, wakichekeana mambo ya kwaya. Niliwasikia kupitia dirishani. Siku moja nikamsikia mume wangu akimsimulia habari za bibi yake. Eti zamani za misafara, wapagazi walipokuwa wakitoka pwani kuja huku Unyanyembe, mizigo mingi ilikuwa waya wa shaba, masango, na bibi wa bibi yake alivalishwa waya huo miguuni tangu usichana, na vikuku hivyo vilirithiwa mpaka kwa bibi aliyemlea yeye, na alipokuwa mdogo alikuwa akilala kwa kusikia vikuku vinagongana bibi akitembea.

Nimezaa na mtu huyu. Nimemuuguza malaria. Sikuwahi kuambiwa kwamba bibi yake alikuwa na vikuku.

Usiniambie kwamba wivu ni ugonjwa wa wasichana. Mimi nina wajukuu, na niliusikia umekaa hapa, chini ya mbavu, nikichota asali, nikipima karanga, nikimwambia mteja karibu tena mama. Majirani nao hawakunisaidia. Mmoja akaniambia kwa sauti ya kunihurumia, "Lakini yule ni mtu mzima, na wametoka kijiji kimoja." Nikajua limeshasemwa, na lisemwalo lipo.

Kifua cha kwanza kilikwisha kuchimbwa kabla ya masika. Mninga ulikuwa mbichi bado, na mume wangu alikuwa na haraka, jambo ambalo kwa kabati langu hakuwahi kuwa nalo. Ndugu yake kule Goweko analima tumbaku. Mume wangu akafikiri hivi: tumbaku inaingia bani, lile banda la kuikaushia kwa moto, ikiwa ya kijani, imejaa maji, inatoka imekauka na rangi ya dhahabu, kwa nini ubao nao usikaushwe mlemle? Akaupakia kwenye pikipiki, akauning'iniza ndani ya bani pamoja na majani ya shemeji, wakachochea moto kama kawaida. Alipofungua aliukuta umepasuka kutoka kitovuni mpaka kooni. Aliurudisha nyumbani ukinuka tumbaku, akaulaza mezani kama maiti.

Nilikwenda jikoni nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kigoda. Nikasema moyoni, sasa tumemaliza, wifi atakasirika, atatafuta fundi mwingine, nami nitapata mume wangu. Jioni wifi akaja. Akauzunguka ule ubao, akaunusa, akauliza, "Ulikuwa unataka kinubi au sigara?" Mume wangu akacheka, naye akacheka, wakashikilia meza wote wawili wasianguke. Mimi nikiunguza wali katika nyumba ile hakuna anayecheka. Furaha yangu iliishia hapo.

Kifua cha pili akakifanya kwa subira. Alikichimba nusu, akakiacha kivulini, akakirudia, akakiacha tena. Ncha zote mbili alizipaka nta ili maji yatoke polepole kwa ubavuni na ubao usipasuke. Nta ya nani? Ya kwangu. Niliyoikamua mwenyewe kutoka masega ya Sikonge, niliyomwahidi mtengeneza mishumaa wa Ipuli. Aliiyeyusha kwenye sufuria yangu ya maharage bila kuuliza. Nilipomfokea hakugeuka hata shingo. Aliendelea kupaka. Nilisimama mlangoni nikasema mambo ambayo mke mwingine angepigiwa, na yeye akapaka nta kwa brashi kama mtu aliye peke yake duniani.

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote: alikuwa ameacha kuniitika. Mimi ni mtu wa kuita. Jikoni kwangu kuko nyuma ya nyumba, karakana iko upande wa pili wa ua, na tangu nimeolewa naita kutoka jikoni. Mzee, chai. Mzee, mkaa umekwisha. Mzee, kuna mtu wako barabarani. Zamani aliitika kwa besi yake, "Naam," hata kama hakuja. Sasa naita mara mbili, mara tatu, kimya. Na simu aliacha kuipokea. Alitaka kila mtu amwandikie ujumbe. Mwanamume mzima, vidole kama vipini vya nyundo, kutwa anasoma ujumbe. Mke yeyote angejua maana yake.

Lakini wifi akizungumza, alimsikiliza kwa macho. Nasema nilichokiona. Aliacha kazi, akageuka mzima, akamkazia macho mdomoni. Mdomoni kabisa. Mimi hajanitazama mdomo tangu mtoto wetu wa kwanza. Na wifi, bila haya, alikuwa akisogea karibu zaidi na kutamka taratibu, kama anayemlisha.

Shingo ya kinubi na ile nguzo iliyopinda mbele alizichonga kwa mkurungu, mti mgumu, maana waya za shaba zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya ng'ombe. Akatoboa matundu, akatia vigingi, na siku moja alasiri nikasikia kutoka uani sauti nisiyowahi kuisikia. Ilikuwa kama mtu amegonga kengele ndogo ndani ya maji, na haikutaka kuisha. Mteja niliyekuwa nampimia asali akageuka. Niliacha kipimo, nikajifuta mikono, nikaenda.

Wifi alikuwa ameketi kwenye benchi, kinubi kimekaa mapajani mwake, anakwanyua. Kucha zake ni ndefu, nyeupe, za mtu ambaye hakuvuna tumbaku wala kumenya karanga kwa muda mrefu. Na mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele yake. Amekikumbatia kile kifua cha mninga kwa mikono yote miwili, taya lake ameliegemeza juu ya ubao, amefumba macho. Alikuwa analia. Si kwa kelele. Machozi tu yanashuka kwenye ubao, na wifi anakwanyua uzi mnene, anausubiri, anakwanyua tena.

Nilirudi kibarazani nikammalizia mteja asali yake, na nadhani nilimzidishia.

Kesho yake nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda Cheyo kwa miguu, nikipanga maneno njiani. Niliyapanga yakapangika. Nilikuwa nitamuuliza kama huko Ulaya wanaume wameisha. Nilikuwa nitamwambia kwamba wifi hampigishi kaka yake magoti mbele ya mapaja yake. Nilimkuta anamwagilia mchicha. Nikatoa shikamoo, kwa sababu hata vita vina adabu yake, akaitikia, akanivutia kiti, na kabla sijafungua kinywa akasema:

"Afadhali umekuja, wifi. Nilitaka tusaidiane. Amekubali kwenda Mwanza?"

"Mwanza kufanya nini?"

"Kupimwa masikio. Mimi nimemwambia vya kutosha, ananikatalia. Pengine kwako atasikia." Akacheka kidogo kwa neno hilo, kisha akaacha. "Jana umemwona. Hicho kinubi anakisikia kwa mfupa wa taya. Zile nyuzi nyembamba hazimfikii tena, hata ukimlizia sikioni. Nene anazipata kupitia ubao. Alisema hajasikia muziki muda mrefu."

Mchicha ulikuwa unatiririka maji. Maneno yangu yote mazuri niliyoyapanga yalikuwa bado mdomoni, nikayameza moja moja.

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Mimi ni nesi, wifi. Siku ya pili tu nilipokuja niliona anasoma midomo." Kisha akanitazama vizuri. "Wewe ulikuwa unajua, lakini."

"Najua," nikasema. "Bado tunazungumza naye."

Nilisema hivyo. Nisingekubali, mbele ya mwanamke yule, kuonekana nimelala kitanda kimoja na mtu asiyesikia nisijue. Nikaaga. Alinifungia mchicha kwenye mfuko, nikaubeba.

Watu wanadhani ukigundua kwamba mumeo hana mwanamke, wivu unakwisha. Wangu ulianzia hapo. Kabla ya siku hiyo nilikuwa namwonea wifi wivu kwa kitu ambacho hakuwa nacho. Sasa nilijua alichokuwa nacho. Alimwona. Alikuja mara mbili tu akamwona, na mimi niliyekuwa naye kila siku niliona kiburi, niliona simu, niliona midomo ya mwanamke. Angelala naye ningejua la kufanya; ningekusanya mashangazi. Kwa hili ningemwita nani? Nilipita sokoni bila kununua kitu, nikiwa na mchicha wake mkononi, na nilitamani kuutupa lakini ulikuwa mzuri.

Nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa ameinamia shingo ya kinubi, anapiga msasa. Nilisimama nyuma yake mlangoni. Nikamwita, kwa sauti ya kawaida. Msasa ukaendelea. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo silitumii. Nikamwambia, nyuma ya shingo yake, kwamba ni mpumbavu. Kisha nikazunguka meza, nikasimama mbele yake penye mwanga.

Aliinua macho, akaona uso wangu, akauweka msasa chini.

"Amekuambia," akasema.

"Alidhani najua. Tangu lini?"

"Polepole. Ni kelele za ile mashine ya randa. Zilianza kuondoka sauti za ndege, zikafuata za watoto." Alizungumza kwa sauti kubwa kuliko haja, na nikatambua kwamba amekuwa akizungumza hivyo kwa muda, nami nikidhani ni ukali. "Yako bado kidogo. Ukiwa karibu."

"Yeye umemwambia."

"Sikumwambia. Aliona."

"Najua aliona!" Nilipiga kelele mpaka jirani akanyamaza upande wa pili wa ukuta. "Na mimi ambaye sikuona, kwa nini hukuniambia? Mimi ni nani katika nyumba hii?"

Alichelewa kujibu. Nikafikiri hakusikia, nikawa karibu kurudia, kumbe alikuwa anatafuta neno.

"Wewe unaniita kutwa," akasema. "Mzee chai, mzee mkaa. Nyingine zinanifika, nyingine nakisia kwa jua lilipo. Nikikuambia sisikii, utaacha. Utakuwa unakuja kunigusa bega, kama anavyoamshwa mgonjwa. Nyumba itanyamaza hata pale ninapoweza kusikia."

Nilichukua mchicha nikaenda kuupika.

Mwanza tulikwenda, mimi na yeye, wifi hakuja. Wamempa kifaa cha kuvaa sikioni. Anakivaa kanisani na kukivua akiwasha mashine, na mara nyingi anakisahau mfukoni. Kinubi kimekwisha. Wifi anakipiga Jumapili kabla ya misa, waumini wanageuza shingo, na mume wangu anakaa benchi la mbele ambalo alilichonga mwenyewe, anatazama kucha zile nyeupe. Mimi nakaa pembeni yake na moyo unaniuma vilevile. Watu wakinipongeza kwa kazi ya mume wangu nasema asante. Sijampenda yule mwanamke, na mchicha wake nakula.

Ila naita. Kila siku saa ya chai nasimama jikoni, namwita kwa nguvu zangu zote kupita ua mzima, nikijua. Nangoja kidogo, kama zamani. Kisha navuka ua, nazunguka meza yake mpaka mbele penye mwanga, simgusi, nangoja ainue macho yaje mdomoni kwangu, na hapo naita tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

"Naam," anasema.